Ndimu Moja, Pilipili Saba

Umeme ulikatika saa saba mchana, na duka zima likaguna kwa pamoja. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2003, msimu wa bahati nasibu ya Green Card, na vijana wa Arusha walikuwa wamejibana ndani ya Dharti Internet, nyuma ya Soko Kuu, kila mmoja na picha yake ya pasipoti na Marekani yake kichwani. Kompyuta zilizimika, feni zikasimama, joto likapanda. Aikande alibaki ameshika kipanya, anakitazama kioo cheusi. Alikuwa ameandika kwa dakika arobaini na hakuwa amehifadhi hata mstari.

"Pole, dada," sauti ikasema nyuma yake. "Jenereta inawashwa. Ulihifadhi?"

"Ungeiona sura yangu usingeuliza."

"Basi geuka niione."

Aligeuka kwa hasira, na hasira ikamwishia njiani. Alikuwa kijana wa Kihindi, mrefu, mwembamba, shati jeupe amekunja mikono, kamera ya dijitali inaning'inia shingoni na uzi mwekundu umefungwa kwenye kifundo cha mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha Arusha kabisa, kile cha watu wasiokuwa na haraka ya kumaliza sentensi.

"Fomu ya Marekani imepotea?" akauliza.

"Mimi siendi Marekani."

"Kati ya watu wote humu? Ngoja nikupige picha tuibandike ukutani, wateja wajue binadamu wa namna hiyo bado wapo."

Aikande alicheka bila kutaka. Alivaa sketi ya kitenge cha njano na blauzi ya ofisini, nywele amesuka yeboyebo, na alijua amependeza kwa sababu alikuwa amechelewa kazini asubuhi ile akihangaika na kioo. Jenereta ikanguruma uani. Kijana akajitambulisha kuwa Ketan, duka ni la mama yake, akamhamishia mashine namba saba, ya dirishani, ambako mtu aliweza kuuona Mlima Meru ukiwa haujajifunika mawingu.

Alichokuwa akiandika siku ile kilikuwa siri. Aikande alifanya kazi kwenye kampuni ya utalii, akiishi chumba kimoja Sekei, lakini saa ya chakula cha mchana alikuwa Msimamizi wa Kibaraza, tovuti ambayo watu wa Arusha na Meru, na ndugu zao waliotawanyika hadi Minesota, walikutana kubishana. Wanachama mia tisa. Kila siku waligombana juu ya siasa, mpira, misiba na wake za watu, na kila siku mtu mmoja aliwatenganisha. Wote waliamini Msimamizi ni mzee fulani mstaafu, mkali, pengine mwalimu. Hakuna aliyedhani ni binti wa miaka ishirini na sita anayekula muhogo wa kukaanga huku akiwafungia watu midomo.

Ketan aligundua wiki ya tatu, alipopita nyuma yake na kuona kitufe cha kufuta ambacho wanachama wengine hawakuwa nacho.

"Kumbe ni wewe," akanong'ona. "Uliyenifungia siku tatu mwezi wa tisa."

"Wewe ni nani humo?"

"Sikwambii. Lakini nilikuwa na haki."

"Wote huwa na haki," Aikande akasema. "Ulitukana?"

"Kidogo."

"Basi siku tatu zilikuwa chache, mpenzi."

Neno la mwisho lilimtoka tu. Alilisikia likitoka, akalitazama likienda, na Ketan akaondoka na kusahau kumtoza mteja wa mashine ya jirani. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Walipendana kwa kujificha, maana kila mmoja alikuwa na kwao. Ketan hakula nyama, basi Aikande akawa anamletea loshoro kwenye chupa ya chai, mahindi yaliyopondwa na maziwa, chakula cha kwao Akheri ambacho hakuna mnyama aliyechinjwa kwa ajili yake. Ketan alikula akifumba macho na kudai kwamba Wameru walikuwa Wahindi zamani, wakapotea njia. Simu zao ziliishi kwa kubipu. Bipu moja: nimefika salama. Bipu mbili: nakukumbuka.

"Na tatu?" Aikande aliwahi kuuliza.

"Tatu tuiache. Siku yake ikifika utaijua."

Kibaraza kilikuwa na kanuni nyingi, lakini moja Aikande aliitunga mwenyewe na kuipenda kuliko zote: Msimamizi hafuti mada kwa sababu anamjua anayesemwa. Matusi anafuta, vitisho anafuta, namba za simu za watu anafuta. Maneno mengine yajibiwe kwa maneno. Kanuni hiyo ilimgharimu mwezi wa pili, mtu alipoandika kwamba mzee wa kanisa mmoja wa Akheri, Abdiel, anageuza maji ya mfereji wa kijiji yaingie kwenye migomba yake siku isiyo zamu yake. Abdiel alikuwa baba yake mdogo, aliyemlea tangu baba yake mzazi alipofariki, na mmoja wa watu watatu waliojua kazi yake ya siri. Alimpigia simu akamwomba aifute.

"Siwezi, baba. Andika jibu lako nitaliweka juu kabisa."

"Mimi nijibizane na mtu asiyekuwa na jina?"

Mada ilikaa siku kumi na sita. Baba mdogo hakuongea naye hadi Pasaka ilipopita. Aikande alilia, lakini kanuni ilibaki imesimama, na aliposimulia kisa hicho Ketan alimwambia kwamba ndiyo sababu anamheshimu. Maneno hayo yalikuja kuwachoma wote wawili baadaye.

Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili Oktoba, Dharti ilifungwa kwa ajili ya Dasara, sikukuu ya Wahindu. Ketan alimpitisha Aikande mlango wa uani saa ya chakula, na kwa mara ya kwanza akamkutanisha na mama yake, Kusum, mwanamke mfupi mwenye sari ya kijani na miwani iliyoshikwa kwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye huyu wa namba saba?" Mama Kusum alimtazama muda mrefu kuliko mteja anavyotazamwa. "Karibu. Leo mashine hazifanyi kazi. Leo zinapumzika."

Alikuwa na sahani ya shaba yenye unga mwekundu wa kumkum uliolainishwa kwa maji, mchele na maua ya njano. Alipita kompyuta moja moja, akazipaka kidoa kwa kidole, akabandika punje mbili tatu za mchele, akaweka ua, midomo ikisoma maneno taratibu. Mlangoni ilining'inia ndimu moja na pilipili saba mbichi zilizotungwa kwa uzi, ambazo alizibadilisha kila Jumamosi ili jicho la hasidi liishie nje.

"Na wewe unaamini?" Aikande alimnong'oneza Ketan.

"Mimi naamini stabilaiza," Ketan akasema. Kisha akatafakari. "Lakini mashine hizi zimenisomesha na zinanilisha. Siku moja kwa mwaka kuziambia asante, sioni ubaya. Na mama akishapaka, nalala vizuri."

Mama Kusum alipomaliza namba saba aligeuka, na bila kuuliza akampaka Aikande kidoa kilekile kwenye paji la uso. Kidole chake kilikuwa baridi. Aikande alihisi machozi yanamlengalenga, akaomba kamera ili afiche uso, akaipiga picha namba saba na ua lake. Ketan akampa picha hiyo kwenye diski.

Hapo ndipo Aikande alipofanya kosa. Alirudi ofisini na furaha iliyomzidi, na furaha ya siri hutafuta pa kutokea. Akaituma picha kwa rafiki yake Brightness kwa barua pepe: "Tazama mashine yangu ilivyopambwa. Hata mimi nimepakwa. Usimwonyeshe mtu." Brightness hakumwonyesha mtu, isipokuwa wenzake wawili wa ofisini, nao kila mmoja alikuwa na wawili wake.

Jumatatu saa mbili asubuhi Aikande alifungua Kibaraza akaikuta juu kabisa, ikiwa na majibu sitini na nne.

DAMU KWENYE KOMPYUTA ZA DHARTI.

Aliyeandika alijiita Kisiki. Aliweka picha ileile, kidoa chekundu kimekolea kama jeraha, na chini yake maelezo: mlangoni wanatundika ndimu na pilipili saba, ndani wanapaka damu, na anayekaa namba saba nyota yake inachukuliwa. "Mwaka jana mlijaza Green Card pale watu mamia. Nani alipata? Jiulizeni nyota zenu ziko kwa nani." Wengine walicheka. Wengi hawakucheka. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja msimu mwingine wa fomu ufunguliwe, na Dharti iliishi mwaka mzima kwa msimu huo.

Simu iliita saa tatu. Haikuwa bipu.

"Umeona?" Ketan aliuliza.

"Nimeona. Nimeshaandika jibu, naliweka sasa hivi, nitawaeleza kwamba..."

"Sitaki jibu. Ifute, Aikande."

"Ketan, unaijua kanuni."

"Mama amekaa dukani tangu saa moja. Wameingia watu wawili. Mmoja amechungulia chini ya meza akatoka. Unaniambia habari za kanuni?"

"Nilimkatalia baba mdogo. Nikikufutia wewe nitamwambia nini?"

Aikande alisikia pikipiki ikipita upande wa pili wa simu.

"Niambie kitu kimoja," Ketan akasema, sasa polepole. "Ile picha ilipigwa mara moja tu. Na mtu mmoja tu."

"Nilimtumia Brightness. Kwa upendo, Ketan. Nilimwambia asimwonyeshe mtu."

"Mama alikupaka rangi kwenye uso. Hajawahi kumpaka mtu nje ya nyumba yetu. Alikuwa anakwambia kitu, na wewe ukaenda kukionyesha kama maonyesho ya Nanenane."

"Ketan, mpenzi, nisikilize."

"Usinibipu," akasema, akakata.

Saa sita na nusu Aikande alifuta mada. Alifanya haraka, bila kuandika sababu, akatoka nje kunywa maji. Aliporudi ilikuwa imerudishwa mara tano na watu watano, na kila mmoja alikuwa na picha. "Imefutwa! Msimamizi kanunuliwa." "Kwa nini afute kama si kweli?" Kisiki, ambaye asubuhi alikuwa mpuuzi wa kawaida, sasa alikuwa shujaa. Aikande alizitazama zile tano zikiongezeka kuwa nane, akaelewa kwamba kwa kufuta alikuwa amewapa ushahidi ambao hawakuwa nao.

Jumatano mchana alishindwa kuvumilia, akaenda. Mbele ya Dharti walisimama watu kama thelathini, wengine wameshika vikapu vya sokoni, wanatazama mlango kama watazamao ajali. Mama Kusum alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, sari ya kijivu, mikono mapajani. Ketan alisimama nyuma yake. Mwanaume mmoja mwenye koti la jinzi alinyoosha fimbo akakata uzi, na ndimu ikaanguka, ikabiringika hadi mtaroni. Watu wakarudi nyuma hatua moja, kana kwamba ingelipuka.

"Tunataka tuingie tuone," yule wa koti akasema.

"Ingieni," Mama Kusum akajibu. "Mlango uko wazi tangu mwaka sitini na nane. Wewe mwenyewe nimekuuzia sare ya shule hapa, kabla hatujaleta kompyuta. Baba yako anaitwa Ndesanjo."

Yule mtu alitazama chini. Hakuingia, hakuondoka. Macho ya Ketan yalipita juu ya vichwa vya watu, yakamkuta Aikande upande wa pili wa barabara, na alijua anaonekana. Angeweza kuvuka. Zilikuwa hatua kumi na tano. Alifikiria jina lake, baba mdogo, kanisa la Akheri, wanawake wa kwaya. Hakuvuka. Ketan alimsubiri kidogo, kisha akamshika mama yake bega, akamwingiza ndani na kushusha shata.

Sauti ya ile shata Aikande alirudi nayo ofisini. Hakula. Alikaa mbele ya kompyuta, akairudisha mada ya kwanza aliyoifuta, yote, na matusi yake, na chini yake akaandika.

"Mimi ndiye Msimamizi. Jina langu ni Aikande Pallangyo, wa Akheri, naishi Sekei. Picha hii niliipiga mimi, nikaituma kwa rafiki bila ruhusa ya mwenye duka. Hilo kosa ni langu. Rangi mnayoiita damu ni unga wa kumkum, unauzwa dukani. Najua kwa sababu nilipakwa mimi pia, siku hiyohiyo, kwa kidole kilekile, na nyota yangu iko palepale. Ndimu na pilipili ni kinga yao ya husuda. Wanamshukuru Mungu wao kwa vyombo vinavyowalisha. Mwaka jana baba yangu mdogo alinunua gari, mchungaji akaliwekea mkono kwenye boneti akaliombea, na hakuna aliyesema gari lile linachukua nyota.

"Nilifuta mada hii Jumatatu. Nilivunja kanuni niliyoitunga mwenyewe. Sikununuliwa. Ninampenda kijana wa duka hilo, na leo nilimwona anadhalilishwa nikaogopa kuvuka barabara. Kuanzia sasa mimi si Msimamizi tena. Anayetaka kuuliza, nitakuwepo Dharti, mashine namba saba, kama watanipokea."

Akabonyeza, na baada ya hapo hapakuwa na jinsi ya kurudi nyuma.

Majibu yalikuja kwa fujo. Kumbe Msimamizi mwanamke. Kumbe ndiyo maana. Mmoja aliuliza unga huo unauzwa duka gani, mke wake anautaka kwa urembo. Mtu wa Minesota aliandika kwamba marehemu baba yake, fundi cherehani wa Kikwe, kila mwisho wa mwaka aliifunika mashine yake kitambaa cheupe na kuipigia magoti, na yeye hakuwahi kuona haya. Bosi wake Aikande alimpita kwenye korido bila salamu. Brightness alikuja kulia mezani kwake. Ketan hakubipu. Alhamisi hakubipu. Ijumaa Aikande aliiweka simu kwenye chaji ikiwa imejaa, kwa kutojua la kufanya nayo.

Jumamosi saa mbili asubuhi ikalia mara moja, ikakata. Alisimama katikati ya chumba. Ikalia tena, ikakata. Alivaa sketi ya njano, akapaka mafuta midomoni, akashuka kutoka Sekei kwa miguu karibu anakimbia.

Shata ilikuwa juu. Ndani walikaa wateja wanne, wanaandika wakiwa wamejikunyata. Ketan alikuwa kaunta, ndevu hajanyoa siku kadhaa.

"Ulisimama kule barabarani," akasema.

"Nilisimama."

"Niliumia kuliko kwa ile picha."

"Najua. Sina cha kujitetea, Ketan. Niliogopa."

"Halafu ukaenda kuwaambia watu mia tisa."

"Nyuma ya kompyuta mimi ni hodari."

Ketan alijaribu kutocheka, akashindwa kidogo upande mmoja wa mdomo. "Nilimsomea mama. Yote. Alinirudisha pale pa boneti mara mbili."

Mama Kusum alitokea uani na ndimu, pilipili saba, sindano na uzi. Alivitua mbele ya Aikande kama anayemkabidhi mtu zamu.

"Leo funga wewe," akasema. "Wakiuliza, wakuulize wewe. Mimi nimechoka kujibu."

Aikande alitunga pilipili moja baada ya nyingine, vidole vikimwasha, akapanda kwenye kiti na kufunga uzi juu ya mlango huku nusu ya mtaa ikimtazama. Safari hii aliwatazama na wao. Alikuwa bado juu ya kiti alipoliona koti jeusi la kanisani na kofia, vikija moja kwa moja kutoka sokoni.

"Shuka," baba mdogo Abdiel akasema.

Alishuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee aliingia, akazitazama kompyuta, akamtazama Ketan aliyemwamkia kwa mikono miwili, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Mtu alikuwa amemchapishia mada yote. "Mada yangu ya mfereji uliiacha siku ngapi?"

"Kumi na sita, baba."

"Kumi na sita. Watu wamekaa wanayasoma maji yangu. Mimi niliyekulipia ada." Akaikunjua karatasi. "Na ya huyu, ulipoiona, ilikaa muda gani?"

"Saa nne na nusu."

"Saa nne na nusu." Alirudia polepole, kama anayepima shamba. "Nilipoambiwa hilo sikuhitaji kusoma mengine. Mtoto aliyenikatalia mimi siku kumi na sita, akashindwa kwa mtu mwingine nusu siku, huyo si wa kuuliza anampenda au hampendi." Akamgeukia Ketan. "Kijana, unakula nini?"

"Nyama sili, baba. Loshoro nakula."

"Loshoro umepata wapi?"

Mzee aliitazama chupa ya chai ya Aikande juu ya kaunta, akaitambua, maana ilikuwa ya mkewe.

"Jumapili ijayo ni sikukuu ya mavuno Akheri," akasema. "Uje na mama yako. Ya dini tutayazungumza, na yatakuwa magumu, sikudanganyi. Inawezekana tusikubaliane. Lakini tutayazungumza nyumbani, watu wenye majina."

"Tutakuja," Mama Kusum akasema kabla mwanawe hajafungua mdomo, akaenda kuleta chai.

Ketan alisimama wima mbele ya mzee, uso wa heshima, mkono mmoja mfukoni. Simu ya Aikande ikatetemeka kwenye sketi, ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Alidhani imeishia hapo. Ikatetemeka mara ya tatu.

Alimtazama. Ketan alikuwa anatazama ukuta, masikio yamemwiva.

"Ndiyo," Aikande akasema kwa sauti.

"Ndiyo nini?" baba mdogo akauliza, huku akipokea kikombe chake.